Barua za Vitabu: "Nimemaliza Kitabu Nina Hasira, Nina Haki?"

Kamwene wasomaji wote wa Nyanda za Juu, kuanzia Iringa mpaka kule Tunduma. Barua za safari hii zimekuja za moto. Watu hawaulizi tena kitabu gani kizuri, wanaleta walichofanyiwa na kitabu, wengine wamelia, wengine wanataka kugombana na mwandishi kabisa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana inagusa karibu zote zilizobaki.

Anawakimbiliaje askari?

*Shikamoo Mama Vitabu. Mimi ni dada wa miaka 27, nauza maharage na viazi kwa jumla hapa Makambako. Sio msomaji wa siku nyingi ila nimeanza kunogewa, binamu yangu yupo chuo Iringa ndo ananiletea vitabu akija likizo. Safari hii kanipa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzee wetu wa Zanzibar aliyepata Nobel ya fasihi. Nimeisoma dukani mvua ikinyesha hakuna mteja, na usiku kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Mama, nimempenda yule mtoto Yusuf kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nimekuwa naye tangu anapandishwa treni anadhani anaenda kutembea na anko Aziz kumbe baba yake kamtoa kwa deni, nikaenda naye bara mpaka kule walikopigwa na kunyang'anywa mali, nikarudi naye. Halafu mwisho anafanya nini? Anawakimbilia askari wa Mjerumani! Na kitabu kimeisha hapohapo! Niligeuza nikajua kuna kurasa zimechanika. Nilikitupa kitandani siku mbili sikukigusa. Binamu ananiambia eti ndo fasihi ilivyo, sina jicho. Naomba unijibu, nina haki ya kukasirika au ni kweli sielewi? Na kwa nini mwandishi atuache hivyo?*

Msomaji, Makambako

Marahaba mwanangu. Haki unayo yote na hakuna wa kukunyang'anya. Binamu yako mwambie nimesema hivi, mtu aliyekitupa kitabu kitandani kwa uchungu wa Yusuf amekisoma, tena amekisoma kuliko yule anayekaa kuorodhesha dhamira namba moja dhamira namba mbili moyo haujashtuka popote. Riwaya haihitaji jicho la chuo, inahitaji mtu wa kumsindikiza mhusika mpaka mwisho, na wewe umemsindikiza, barua yako nzima inaonyesha.

Ila hiyo hasira usiiache pale kitandani, ifuatilie. Ukimaliza riwaya una hasira rudi nyuma utafute ilianzia wapi, na mara nyingi utakuta haikuanzia ukurasa wa mwisho, ilianza zamani sana we ukawa unajipa matumaini.

Nikuulize, ulikuwa unasubiri nini? Nadhani najua. Jina lenyewe ni Yusuf. Ile habari unaijua, kanisani umeisikia na jirani zako msikitini wameisikia, kijana mzuri wa sura anauzwa mbali na kwao, anaingia nyumba ya tajiri, mke wa tajiri anamtaka, anakataa, anasingiziwa. Kwenye Mwanzo sura ya 39 anaacha vazi mkononi mwa yule mama anakimbia, na kwenye Kurani kanzu yake inachanwa kwa nyuma na hiyo ndo inakuwa ushahidi kwamba yeye alikuwa anakimbia hakuwa anafuata. Gurnah kaibeba mpaka nguo yenyewe, bi mkubwa Zulekha, mke wa Aziz, analidaka shati la Yusuf kwa nyuma linachanika. Sasa sisi tuliokuzwa na habari hiyo tunajua inakoelekea. Yusuf wa vitabu vitakatifu anatoka gerezani, anakuwa mkubwa Misri, anashika maghala ya nafaka wakati wa njaa, ndugu zake waliomuuza wanakuja kumwinamia na baba mzee anamwona tena mwanae.

Wewe mwanangu ulikuwa unasubiri Misri. Na mimi nilisubiri, na kila ninayemjua aliyesoma kile kitabu kwa moyo alisubiri. Mwandishi katushika mkono katupitisha njia ileile tunayoijua, kutolewa nyumbani, safari, nyumba ya tajiri, shati, halafu kwenye kona ya Misri kakata. Hajasahau, kakusudia. Yusuf wake anaishi pwani ya Tanganyika Mjerumani akiwa keshaingia, vita vya 1914 viko mlangoni, na hakuna Farao wa kumtafsiria ndoto. Hata baba wa kukutana naye hayupo, Aziz anamwambia baba keshafariki na mama hajulikani alikokwenda. Hebu fikiri, huyo kijana akisema leo naondoka narudi kwetu, anarudi wapi?

Sasa waangalie waliomzunguka pale dukani na kwenye ile bustani, maana hapo ndo naamini hasira yako ilianza bila wewe kujua. Khalil, yule kijana wa dukani aliyemwambia tangu siku za kwanza kwamba Aziz sio anko wake, naye aliletwa kwa deni la baba. Deni lake lilishaisha, anaweza kuondoka kesho, haondoki. Mzee Hamdani mtunza bustani alipewa uhuru akaukataa, anaona hakuna binadamu anayeweza kumpa mwenzake kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho mkononi. Neno la mzee yule ni zito mno, na bado unamwona kila siku yuko palepale na maji na maua ya watu. Aziz naye sio katili wa kupiga kelele, ananukia vizuri, anaongea taratibu, mtoto anamwonea fahari, na ndo maana ni vigumu kumkimbia. Yaani kila mtu mwenye mlango wazi kakaa ndani. Ukifika mwisho na kijana wa miaka kumi na kitu mwenye hao tu wa kuiga, mwandishi anakuuliza kimyakimya, we ulitaka atokee mlango gani?

Halafu soma tena zile aya za mwisho kabisa, polepole, kwa sababu naona uliziruka kwa mshtuko. Askari wamepita wakikamata watu wa kuwabebea mizigo, watu wamejificha, msafara umeondoka. Yusuf anatoka anaangalia pale walipolala, anakuta mbwa wanakula mavi. Ndo alivyoandika hivyo hajapamba. Na yule kijana anajitazama humo, anaona na yeye ni wa kuokota kinachoachwa na wenye nguvu. Hapo nyuma yake anasikia kitu kama komeo la mlango wa bustani linafungwa, anageuka mara moja, anakimbia kuufuata msafara macho yanamwasha. Niambie mwanangu kama hapo mwandishi kawasifia askari. Kawaweka pamoja na mbwa na kinyesi. Ila hakutaka kutudanganya kwamba kijana aliyekosa pa kwenda angechagua vizuri.

Na sisi wa huku tuna sababu yetu ya kukasirika zaidi ya mtu wa Dar, tusiifiche. Ukitoka Makambako unakuja Iringa unapita njia ya watu waliopigana na hao hao. Lugalo, Agosti 1891, Wahehe waliifyeka kolamu ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na yeye mwenyewe akafa pale. Kalenga, ngome ya chifu wao Mkwawa, ikaangushwa 1894, Mkwawa akafuatwa porini mpaka 1898 akajiua asishikwe, fuvu lake likarudi 1954 na lipo Kalenga mpaka leo unaweza kwenda kuliona. Tumefundishwa hayo tangu darasa la nne na tunajivunia. Lakini nani alikuwa amebeba bunduki za Mjerumani siku zile? Maofisa Wazungu walikuwa wa kuhesabu, waliobaki walikuwa watu weusi. Hapa Iringa mjini karibu na polisi kuna mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa upande wa Mjerumani wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu wanaupita kila siku na boda boda hawaulizi ni wa nani. Vita ya kwanza ya dunia nayo ilitukuta hukuhuku, Mei 1916 Waingereza wametokea Nyasaland, Malawi ya leo, wakachukua Tukuyu, enzi hizo Neu Langenburg, Agosti wakaingia Iringa, na wapagazi waliokufa kwa njaa na magonjwa kwenye vita ile Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu. Ukiuliza kwenye koo zetu za huku unakuta babu mmoja alijificha porini, babu mwingine alibebeshwa mizigo, na babu wa tatu ambaye hatajwi sana kwenye vikao alivaa zile nguo za kaki akapokea mshahara. Watu wanamkumbuka wa kwanza kwa fahari. Kitabu cha Gurnah kimekwenda kukaa na huyo wa tatu, kabla hajavaa, akiwa bado mtoto mzuri wa watu unayempenda kama mdogo wako. Ndo maana imekuuma. Ungekuwa humpendi ungesema tu msaliti ukafunga.

Hapa Kihesa tuna kikundi chetu cha kina mama, tunakutana kwa fundi cherehani mmoja jioni, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanachambua mboga, fundi anapinda pindo anasikiliza. Siku ya kufunga Peponi aliyekuwa anasoma alipofika pale Yusuf anakimbia, mama mmoja kaita kwa sauti "rudi wewe!" kama anamwita mtoto anayevuka barabara. Cherehani ikasimama. Mwingine aliyekuwa kimya muda wote akasema kijana wangu aliondoka hivyohivyo, alipanda lori la mbao Mafinga hajaaga, na hata alipopiga simu hakuweza kuniambia kwa nini, alisema tu mama nilichoka kukaa. Hakuna aliyemjibu. Tukachambua mboga mpaka giza likaingia. Mi sijasikia uchambuzi wa riwaya ile unaoushinda huo, na yule mama hajawahi kukaa kwenye darasa la fasihi.

Nikuambie na ninapogombana nacho mimi, kwa sababu na mimi ninacho changu. Yangu sio Yusuf, yangu ni Amina. Yule binti aliokotwa kwa watekaji akiwa mtoto akalelewa na kina Khalil kama dada yao, akachukuliwa pamoja na Khalil kwa deni, akaja kuolewa na Aziz, na Khalil hatoki kwa sababu yake. Amina hamfichi Yusuf kitu, anamwambia kama kuna jehanamu duniani basi ni mle ndani anamoishi yeye. Kitabu kinaitwa Peponi na huyu dada kakaa katikati yake anasema hivyo. Sasa Yusuf ana miguu ya kukimbilia, hata kama anakimbilia kubaya. Amina hana hata huo ubaya wa kuchagua, na kalamu inatoka na Yusuf inamwacha ndani komeo limefungwa. Nilifunga kitabu nikataka kumuuliza mwandishi, na huyu je? Sijapata jibu la kuniridhisha. Wengine kwenye kikundi wanasema kutomjibu ndo jibu, kwamba alitaka tubaki na uzito huo. Inawezekana. Mi bado nataka kurasa zaidi za Amina na sitaacha kuzitaka.

Kwa hiyo unaona, kukasirika na kuelewa vinakaa chumba kimoja bila ugomvi. Kama Kiingereza kinapanda mtafute binamu akuletee Afterlives, ya mwandishi huyohuyo, ilitoka 2020. Mle yupo kijana mwingine anaitwa Hamza ambaye alijiunga mwenyewe na askari wa Mjerumani, na utaona alichokikuta huko na alivyorudi, na huko kurudi ndo kuzuri kuliko vyote. Sio Yusuf yule, ila swali lako la "sasa atakuwaje" limejibiwa humo kwa kiasi chake. Peponi yenyewe kwa wanaouliza, Paradise ya Kiingereza ilitoka 1994, Nobel ilikuja 2021, na Kiswahili chake kafanya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakakichapa 2022. Kiswahili kile ni kitamu, kimekaa kama hadithi iliyorudi nyumbani.

Nimnyang'anye kitabu?

*Mama Vitabu shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, Njombe mjini. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha pili, nimemkuta na Rosa Mistika chini ya godoro. Nikasema nisome kwanza kabla sijamchapa. Nimesoma usiku mmoja. Nimeogopa mama. Mambo ya wanaume, mimba, kutoa mimba, na mwisho yule binti anajiua. Nimelala nimemkumbatia mwanangu wa mwisho. Sa hivi kitabu kiko kabatini kwangu na binti hajui kama najua. Nikichome moto hicho kitabu au nifanyeje? Baba yake sijamwambia maana ni mkali.*

Mama, Njombe

Marahaba mama. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na sehemu iliyonishika ni pale uliposema nisome kwanza kabla sijamchapa. Wazazi wachache sana wanafanya hivyo. Hongera, na nakuomba uendelee kutoka hapohapo.

Kwanza jua hauko peke yako kwenye kuogopa. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971 na kilizuiwa mashuleni kwa muda, watu wazima wa enzi hizo waliogopa kitu kilekile ulichoogopa wewe. Baadaye kikaachiwa, kikasomwa, na sasa kinahesabiwa kati ya riwaya kubwa za lugha yetu. Mwandishi mwenyewe alifariki Januari 2020.

Ila sasa rudi mwanzoni mwa kitabu mama. Rosa anaharibikiwa na nini? Kabla ya mwanaume yeyote, kabla ya shule ya bweni na chuo, kuna barua. Mvulana kamwandikia barua, baba yake Zakaria kaiona, na kipigo kilichofuata unakikumbuka. Binti hakuulizwa, hakuelezwa, alipigwa. Kuanzia hapo kwa Rosa mvulana ni kitu cha kuogopa na baba ni kitu cha kuogopa, na siku anapotoka chini ya mkono wa baba hana kitu chochote kichwani cha kumsaidia zaidi ya huo woga, na woga ukiisha hakibaki kitu. Kezilahabi hajaandika kitabu cha kuwafundisha mabinti uhuni, kaandika kuhusu nyumba isiyoongea. Na wewe umeniandikia binti kaficha kitabu chini ya godoro, wewe umekificha kabatini, na baba yake hajui. Samahani nakuambia kwa upendo, kitabu kinaongelea hapohapo.

Kwa hiyo usichome. Mrudishie. Mwambie nilikikuta nikakisoma chote na kimeniliza, halafu nyamaza muache aongee yeye. Pengine dakika tano za kwanza atakuwa anaangalia sakafu, vumilia. Muulize kafika wapi, muulize anamwonaje Rosa, muulize anamwonaje yule mama Regina ambaye anaona kila kitu na hana nguvu ya kusimamisha mkono wa mume. Mimba na kujiua usiviruke, viseme kwa majina yake, na msikilize kama yupo rafiki yake au yeye mwenyewe anayebeba mawazo mazito ya namna hiyo, maana wakati mwingine mtoto anasoma kitabu kwa sababu kuna jambo linamkaba hana pa kulisemea. Ukisikia dalili hiyo usisubiri, mtafute mwalimu wa malezi au muende kituo cha afya mapema. Kama hakuna, basi mmeongea, na hiyo tu Rosa hakuipata.

Baba mwambie, ila sio leo. Kwanza wewe na binti mkimalize kitabu wawili, halafu mpe baba naye asome. Wapo kina baba waliokisoma wakamwona Zakaria wakanyamaza siku nzima.

Nimelia mbele ya kitabu ninachofundisha

*Mama Vitabu habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Mbozi, nafundisha kidato cha tano na sita. Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, nimeifundisha mpaka naijua kwa mada, fani, maudhui, mtindo, kila kitu. Likizo iliyopita nikaamua niisome bila kalamu, kama mtu wa kawaida tu. Nimelia kwa Yasmini. Nimejiuliza miaka yote nilikuwa nafundisha nini. Je, nikiingia darasani na machozi haya si nitawavurugia mtihani?*

Mwalimu, Mbozi

Habari nzuri mwalimu, pole na hongera. Huwavurugii chochote. Mtihani unataka mifano, na mwanafunzi aliyeguswa na Yasmini hatasahau mfano hata aamshwe usiku.

Hebu tuangalie kidogo ulichokiona. Yasmini, binti wa miaka 15, kaozwa mzee wa miaka 52, Bwana Raza, mtu mwenye duka na heshima zake. Darasani hiyo inaandikwa "ndoa za kulazimishwa" inapigiwa mstari. Ila ukiisoma bila kalamu unakuta kero ya siku moja moja, kelele za ngoma za mtaani zinaingia dirishani na mtoto anataka kucheza na mumewe amechoka. Halafu anatoroka, ndugu zake wa damu wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mswahili wa Ng'ambo ya Unguja mwenye chumba kimoja, asiye na undugu naye wowote. Mi moyo wangu uko kwa Mwajuma. Denge anapigania uhuru wa nchi, anafukuzwa na kina Inspekta Wright na Koplo Matata, ndo shujaa wa kwenye noti za darasani na anastahili. Lakini Mwajuma anagawa kitanda chake, na hilo nalo Shafi Adam Shafi kaliandika kwa uangalifu uleule, watahini hawaliulizi sana basi tunalipita.

Fanya hivi. Siku ya kwanza usianze na dhamira, anza na swali moja tu, ulisimama wapi ukashindwa kuendelea au ukarudia kusoma? Kila mtu aseme ukurasa. Hao watoto wamekulia Mbozi, kuna kahawa na baridi, hawajaona Ng'ambo wala mtaa wa Kihindi wa Unguja ya miaka ya 50, ila kila mmoja anamjua binti aliyeozwa na kila mmoja anamjua mama aliyempokea mtoto asiye wake. Wakishasema wao, mada utazipanga kirahisi kwa sababu tayari zitakuwa mezani. Na ile filamu ya Amil Shivji ya 2021 waonyeshe baadaye, wakishamjenga Yasmini wao kichwani, vinginevyo wataandika filamu kwenye mtihani na hapo ndo kweli utakuwa umewavuruga.

Nagona imenishinda

*Mama Vitabu mambo. Kijana wa Uyole hapa. Watu wanaisifia Nagona, nimejaribu, ni kitabu chembamba lakini kila nikisoma najikuta sijui nani anaongea na yuko wapi. Nimeacha katikati. Ni dhambi?*

Poa mwanangu, na sio dhambi hata kidogo. Nagona ya 1990 na Mzingile iliyofuata 1991 Kezilahabi aliziandika akiwa keshaachana na namna ya kusimulia ya Rosa Mistika, hakuna kijiji, hakuna baba na mama, ni mtu anatembea ndani ya mawazo na ndoto na maswali ya kifalsafa. Ukiisoma unatafuta "halafu ikawaje" utachoka ukurasa wa kumi. Isome kama unavyosoma shairi, kurasa tatu unaweka chini, na kama picha moja imekubaki kichwani siku hiyo imetosha. Ikikataa tena iache, chukua Gamba la Nyoka, ni yake ya 1979, ina vijiji vya ujamaa na watu wa kueleweka na hasira ya kutosha, na maktaba ya mkoa hapo Mbeya ulizia kabla hujaingia gharama ya kununua. Nagona itakuwepo ukiitaka ukiwa na miaka arobaini.